Mwalimu Kiziwi Aliyechora Njia ya Kwenda Angani

Anayetoka Malindi kuelekea kaskazini na kupinda kwenda Ngomeni, akifika ufuoni na kutupa macho baharini, huona majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu majini. Wenyeji huyajua kwa jina la San Marco. Kutoka pale, tarehe 12 Disemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wetu, roketi ilipaa ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota.

Jina letu liko angani, lakini muulize mtoto wa skuli, hata wa Ngomeni kwenyewe, roketi huendaje mahali pasipo na hewa, na kwa nini Wataliani walikuja kurushia zao kwetu. Wengi watanyamaza. Kosa si lao, kwani hakuna aliyewaambia. Jibu, ndugu msomaji, lilipatikana mbali sana na bahari hii, katika mji mdogo wa Urusi uitwao Kaluga, kwa mwalimu wa hesabu ambaye masikio yake yalikuwa hayasikii. Jina lake ni Konstantin Tsiolkovsky.

Alizaliwa tarehe 17 Septemba 1857 katika kijiji cha Izhevskoye, mkoa wa Ryazan. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya misitu, mtu wa mshahara mdogo na watoto wengi. Konstantin alikuwa mtoto wa kupanda miti, kuteleza barafuni na kurusha tiara. Alipokuwa na umri wa kama miaka kumi alishikwa na homa kali ya vipele vyekundu. Homa ilipoondoka, iliondoka na sehemu kubwa ya usikivu wake. Darasani hakuweza tena kufuata maneno ya walimu, na wenzake walimcheka. Mama yake, aliyekuwa akimfunza nyumbani, alifariki mwaka 1870, mtoto akiwa na miaka 13. Miaka mitatu baadaye masomo ya skuli yalikoma kabisa.

Hapa ndipo hadithi za watoto wengi huishia. Mtoto hasikii, basi akae nyumbani, achunge mbuzi au afagie duka. Baba yake Konstantin aliona jambo jingine. Aliona kijana wake anasoma peke yake vitabu vya hesabu, anaunda vyombo kwa mikono yake na kupima umbali wa mnara bila kuufikia. Akamtuma Moscow akiwa na miaka 16, na fedha kidogo za kujikimu.

Moscow hakuingia chuo chochote. Chuo chake kilikuwa maktaba ya umma iliyojulikana kama Chertkov, ambako mtu yeyote aliruhusiwa kusoma bure. Kwa miaka mitatu alikwenda pale kila siku, akajifunza hesabu za juu, fizikia, kemia na elimu ya nyota bila mwalimu. Fedha alizotumiwa alinunulia vitabu na dawa za kufanyia majaribio, na tumbo akaliridhisha kwa mkate mweusi na maji. Baba yake alipopata habari kwamba mwanawe amekonda kupita kiasi, alimwita arudi nyumbani.

Mwaka 1879 alifanya mtihani wa ualimu akafaulu. Mwaka uliofuata alipelekwa Borovsk, mji mdogo, kufundisha hesabu katika skuli ya wilaya. Huko alimuoa Varvara Sokolova. Watu wa mji walimuona mtu wa ajabu. Wakati wa baridi kali, mto ukiganda, alikifunga kiti chake cha kutelezea tanga, kikakimbia juu ya barafu kwa nguvu ya upepo, mfano wa ngalawa inayokwenda na kusi. Farasi njiani waliruka kwa hofu, na wenyewe wakanung'unika. Watoto walimpenda. Aliwatolea cheche za umeme kwenye vyombo alivyoviunda mwenyewe, na alipofundisha jambo alitaka waliona kwa macho kabla ya kuliandika ubaoni.

Mwaka 1892 alihamishiwa Kaluga, na huko ndiko alikoishi hadi kufa. Kuanzia 1899 alifundisha hesabu na fizikia katika skuli ya wasichana ya kanisa, wakati ambapo wazazi wengi waliona fizikia haina faida kwa binti. Kwa jumla alikaa katika ualimu karibu miaka 40. Ili asikie kidogo, aliunda faneli kubwa za bati, upande mwembamba akiutia sikioni na ule mpana akimuelekezea msemaji. Faneli hizo ziko katika picha zake nyingi.

Kazi yake ya pili ilianza mchana wa skuli ukiisha. Usiku aliandika. Alihesabu juu ya ndege za bati, juu ya puto kubwa za chuma, na juu ya safari za angani. Mwanzoni alipata aibu: aliandika nadharia ya gesi akaituma kwa wataalamu wa St Petersburg, akajibiwa kuwa mambo hayo yalikwisha gunduliwa miaka mingi kabla. Mtu wa mji mdogo, asiye na majarida ya kisayansi, atajuaje? Wataalamu wale hata hivyo walikiona kichwa chake wakamtia moyo. Mwaka 1887 nyumba aliyokaa iliungua, na karatasi zake zikateketea. Alianza upya. Mwaka 1897 alijenga nyumbani kwake mtambo wa kupuliza upepo ili apime jinsi hewa inavyozuia maumbo mbalimbali, na baadaye Chuo cha Sayansi cha Urusi kilimsaidia rubo 470 kuendelea na majaribio.

Mwaka 1903 jarida moja la kisayansi lilichapisha makala yake juu ya kuchunguza anga za mbali kwa vyombo vya roketi. Mwaka huo huo, mwezi wa Disemba, ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, walipaa kwa ndege kwa sekunde chache tu. Yaani kabla binadamu hajapaa kwa ndege yenye injini, mwalimu wa Kaluga alikwisha kokotoa namna ya kuondoka duniani.

Alikokotoa nini? Mtoto wa pwani aweza kuelewa bila maabara. Kaa ndani ya kihori kilichotulia, uwe na mawe. Tupa jiwe kwa nguvu upande wa tezi, na kihori kitasogea kidogo upande wa omo. Tupa jingine, kitasogea zaidi. Hukupiga kasia wala hukusukuma maji. Jiwe lililokwenda nyuma ndilo lililokupeleka mbele. Roketi hufanya vivyo hivyo, ila mawe yake ni moshi wa moto utokao nyuma kwa kasi kubwa mno. Ndiyo maana haihitaji hewa ya kuegemea.

Kisha akauliza swali gumu zaidi: mawe mangapi? Hesabu zake zilionyesha kwamba roketi ikitaka kufikia kasi sawa na ile ya moshi wake, sharti iondoke ikiwa na uzito wa kama mara 2.7 ya uzito wake ikiwa tupu. Ikitaka kasi maradufu, uzito wafika mara 7.4. Ikitaka mara tatu, wafika mara 20. Kasi yaongezeka kidogo, mzigo wa mafuta waongezeka mno. Hesabu hiyo mpaka leo yaitwa kwa jina lake, na hakuna roketi inayoundwa bila kuipitia. Yeye mwenyewe alipendekeza itumike hidrojeni na oksijeni zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika, na mwaka 1929 akaeleza roketi za kufuatana: ya kwanza ikimaliza mafuta yake inaachwa, ya pili inaendelea ikiwa nyepesi. Roketi za Scout zilizoruka Ngomeni zilikuwa na ngazi nne za namna hiyo.

Maisha yake hayakuwa ya raha. Alipata watoto saba, watano wakatangulia kufa kabla yake. Mmoja wao, Ignaty, alijiua mwaka 1902 akiwa mwanafunzi Moscow. Mwaka 1908 mto Oka ulifurika ukaingia nyumbani ukaharibu maandishi yake. Ndugu zetu wa Tana Delta wanajua maana ya jambo hilo. Mwaka 1919, katika fujo za baada ya mapinduzi, alikamatwa akawekwa korokoroni Moscow kwa muda. Wala si kila alichoandika ni cha kufuatwa. Alikuwa na fikra za kupanga upya jamii ya binadamu na kuwapunguza walio dhaifu, jambo la kusikitisha kwa mtu ambaye yeye mwenyewe, kama ulimwengu ungemhukumu kwa masikio yake, asingepewa nafasi. Tuchukue hesabu zake, hayo mengine tumuachie.

Alipoacha kufundisha alipewa malipo ya uzeeni na serikali mpya, na hapo ndipo umaarufu ulipoanza kumfikia. Barua zilikuja kutoka pande zote, nyingi za vijana. Mwaka 1923 ilikuja moja kutoka Odessa, ya mvulana wa miaka 15 aitwaye Valentin Glushko, aliyekuwa amepandwa na shauku ya safari za angani akataka kupata vitabu vyake. Mzee wa miaka 66 angeweza kuitupa kando. Alimjibu, akamtumia vitabu, na wakaendelea kuandikiana kwa miaka. Mvulana yule alikua akawa mhandisi, na injini alizozibuni ndizo zilizoinyanyua Sputnik, setilaiti ya kwanza ya binadamu, tarehe 4 Oktoba 1957, siku chache baada ya kutimia miaka 100 tangu mwalimu azaliwe. Ndizo pia zilizompeleka Yuri Gagarin angani tarehe 12 Aprili 1961.

Tsiolkovsky hakuyaona hayo. Katika miaka yake ya mwisho alisaidia watengenezaji wa filamu moja ya safari ya mwezini, akawachorea jinsi watu watakavyoelea ndani ya chombo pasipo na uzito, ili watazamaji wasidanganywe. Alifariki Kaluga tarehe 19 Septemba 1935, siku mbili baada ya kutimiza miaka 78. Miezi miwili baada ya safari yake, Gagarin alikwenda Kaluga kuweka jiwe la msingi la jumba la makumbusho lenye jina la mwalimu. Na upande wa mwezi tusiouona kutoka duniani kuna shimo kubwa jeusi lililopewa jina lake pia.

Turudi nyumbani. Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu dunia huzunguka, na mahali panapokwenda kasi zaidi ni ikweta, kama kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Ngomeni iko karibu sana na ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu. Roketi ikirushwa pale hupewa msukumo wa bure na dunia yenyewe, na mabaki yake huanguka majini bila kumuangukia mtu. Zawadi hiyo tumepewa na Mola kwa mahali tulipozaliwa, na wageni waliiona kabla yetu.

Watoto wetu hawaanzi na mikono mitupu. Manahodha wetu walivuka bahari kwa nyota, na wakulima wetu walilima kwa kuitazama Kilimia. Majina ya sayari tunayo ya kale: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zuhali. Mwalimu akiwatoa watoto nje jioni akawaonyesha Zuhura inang'aa upande wa magharibi, akawaambia kwamba ile si nyota bali ni dunia nyingine inayolizunguka jua kama yetu, hajatumia hata senti moja. Kihori na mawe tunavyo. Tiara tunajua kuziunda.

Lililobaki ni lile la baba yake Konstantin. Katika mitaa yetu, kutoka Vanga mpaka Lamu, wako watoto wasiosikia, na wengine wasioona vizuri, wanaokaa nyuma ya darasa wakihesabiwa wazito wa akili, au wanaofichwa nyumbani wageni wasiwaone. Mzazi, mpeleke mtoto akapimwe masikio. Mwalimu, mkalishe mbele, na unapomsemesha mtazame usoni. Mtoto mwenye swali akija kwako, hata kama ni swali la mwezi na wewe umechoka na madaftari, mjibu. Mwalimu wa Kaluga aliijibu barua ya mvulana wa Odessa, na yaliyotoka katika jibu lile tumeyasoma hapa.