Ernst Abbe

Ernst Karl Abbe (Eisenach, 23 Januari 1840 – Jena, 14 Januari 1905) alikuwa mwanafizikia, mwanahisabati na mwenye kiwanda kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kugeuza utengenezaji wa lenzi kutoka kazi ya kubahatisha hadi kazi ya hesabu na vipimo. Pamoja na Carl Zeiss na Otto Schott aliufanya mji mdogo wa Jena kuwa kitovu cha lenzi bora za hadubini, na baadaye za kamera. Anakumbukwa pia kwa kuitoa mali yake ya kiwandani kuwa wakfu na kuwapa wafanyakazi haki ambazo siku zile hazikuwa za kawaida.

Utoto na masomo

Abbe alizaliwa katika familia maskini. Baba yake, Georg Adam Abbe, alifanya kazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi mjini Eisenach, na zamu yake ilikuwa ya saa 14 hadi 16 kwa siku. Mtoto Ernst alikuwa akimpelekea chakula cha mchana, na baba alikula akiwa amesimama, ameegemea mashine, kwa sababu hapakuwa na mapumziko. Jambo hilo hakulisahau. Alipokuwa mtu mzima mwenye mali alilisimulia hadharani, na bila kulijua ni vigumu kuelewa mambo aliyoyafanya baadaye.

Kwa kuwa alionekana ana akili nyingi, mwajiri wa baba yake alisaidia gharama za shule. Abbe alimaliza sekondari mwaka 1857, akasoma fizikia na hisabati katika Chuo Kikuu cha Jena, kisha Göttingen, ambako Wilhelm Weber na Bernhard Riemann walikuwa miongoni mwa walimu wake. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1861. Miaka miwili baadaye alipata kibali cha kufundisha huko Jena kwa andiko lililohusu jinsi makosa yanavyosambaa katika mfululizo wa vipimo. Wanatakwimu wanalithamini hadi leo, kwa kuwa ndani yake alifikia mgawanyo ambao wanafunzi wa takwimu wanaujua kwa jina la khi-mraba. Basi kabla hajashika lenzi hata moja alikuwa ameshajiuliza swali la kila mkaguzi wa bidhaa: tofauti hii ninayoiona ni kosa la kweli, au ni bahati tu?

Mwaka 1871 alimwoa Else Snell, binti wa Karl Snell, mmoja wa walimu wake wa Jena. Walipata watoto wawili wa kike.

Karakana ya Zeiss

Carl Zeiss alikuwa fundi wa vyombo vya sayansi aliyefungua karakana yake Jena mwaka 1846. Hadubini zake zilikuwa na sifa nzuri, na alikuwa mkali juu ya ubora. Inasimuliwa kwamba chombo kilichoshindwa ukaguzi alikivunja kwa nyundo mbele ya mafundi. Lakini ukali huo haukutibu chanzo cha tatizo. Wakati ule lenzi za hadubini zilitengenezwa kwa kujaribu-jaribu: fundi alisaga vioo vidogo vingi, akaviunganisha, akatazama, akabadilisha kimoja, akatazama tena, mpaka picha iwe safi. Lenzi mbili za aina moja hazikufanana. Fundi hodari akifa, ujuzi wake ulikwenda naye kaburini.

Mwaka 1866 Zeiss alimwomba Abbe, mwalimu kijana wa chuo kikuu, atafute njia ya kuhesabu lenzi kwanza ndipo isagwe. Majaribio ya mwanzo yalishindwa, na kushindwa kwenyewe kulikuwa kwa ajabu. Abbe alizifanya lenzi ziwe na mwanya mdogo wa kupokea mwanga, kwa kuwa hesabu za wakati ule zilionyesha kwamba hivyo kasoro hupungua. Kasoro zilipungua kweli, lakini picha ilionyesha mambo madogo vibaya kuliko lenzi zilizobahatishwa na mafundi.

Wengi wangeamua kwamba hesabu imekosewa. Abbe aliona kwamba hesabu ni sahihi ila nadharia ina upungufu. Mwanga unapopita kwenye kitu chenye michoro midogo sana, hutawanyika pande mbalimbali, na lenzi isipoukusanya ule uliotawanyika kwa pembe kubwa, habari za ile michoro hupotea kabisa. Kwa hiyo kuna mpaka wa maumbile: hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, hata isagwe kwa ustadi namna gani. Alitangaza nadharia hiyo mwaka 1873. Tangu mwaka uliotangulia, lenzi za hadubini zote za Zeiss zilikuwa zinatengenezwa kwa kufuata hesabu zake.

Vipimo na ukaguzi

Hesabu pekee haikutosha. Karatasi ikisema kioo kiwe na unene fulani na mkunjo fulani, lazima fundi aweze kuthibitisha kwamba ndivyo kilivyo. Hapa ndipo kazi ya Abbe isiyotajwa sana ilipo, na pengine ndiyo iliyodumu zaidi viwandani. Alibuni chombo cha kupimia kiasi ambacho kioo au kimiminika kinapinda mwanga. Chombo hicho, refraktometa ya Abbe, bado kipo katika maabara nyingi na hutumika kupima hata kiasi cha sukari katika maji ya matunda. Alibuni pia vyombo vya kupima unene, na cha kupima upana wa mwanga ambao lenzi inaweza kuupokea.

Kwa lenzi iliyokamilika alitengeneza bamba la kujaribia: kioo kilichopakwa utando mwembamba wa fedha na kuchorwa mistari. Mkaguzi aliiweka mistari ile chini ya lenzi, akaimulika kutoka ubavuni na kutazama kingo zake. Kingo zikiwa na ukungu, au rangi isiyotakiwa, alijua kasoro ni ya aina gani. Kwa nyuso za vioo, karakana ilikwisha kuwa na njia ya fundi August Löber: kioo kipya kililazwa juu ya kioo cha mfano kilichosagwa kwa usahihi, na pete za rangi zilizotokea kati yao zilionyesha walipotofautiana, hata kwa sehemu ndogo ya elfu moja ya milimita. Kazi iligawanywa, kila sehemu ikapimwa kabla ya kuunganishwa, na kosa likagunduliwa pale lilipofanyika badala ya kungojwa mwishoni.

Mwaka 1890 alieleza kanuni ambayo wanafunzi wa uhandisi bado wanafundishwa kwa jina lake: kitu kinachopimwa na mizani ya kipimo vikae katika mstari mmoja. Visipokaa hivyo, chombo kikiinama kidogo tu kipimo huharibika.

Kioo cha Jena

Kikwazo kilichobaki kilikuwa kioo chenyewe. Aina zilizopatikana sokoni zilikuwa chache, na hazikuwezesha kuondoa kasoro zote za rangi. Abbe aliandika juu ya upungufu huo, na mwaka 1879 kijana mkemia Otto Schott, mwenyeji wa Witten, alimpelekea kipande cha kioo kipya akipime. Kioo kile hakikufaa, lakini mawasiliano yaliendelea. Mwaka 1884 Abbe, Schott, Zeiss na mwanawe Roderich walianzisha kiwanda cha kioo huko Jena, na orodha yake ya kwanza, ya mwaka 1886, ilikuwa na aina 44. Mwaka huohuo zilitoka lenzi za apokromati, zilizochanganya kioo kipya na madini ya floriti na kuleta rangi mbalimbali mahali pamoja. Herufi APO zinazoandikwa leo kwenye baadhi ya lenzi za bei kubwa za kamera zinatokana na jina hilo.

Matokeo yalionekana haraka katika tiba. Robert Koch alitumia vifaa vya Zeiss vyenye kimulikio cha Abbe na lenzi ya kuzamishwa katika mafuta alipotambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Koch huyo ndiye aliyefika baadaye Afrika Mashariki na kuchunguza malale katika visiwa vya Ssese, Uganda.

Upande wa kamera, Abbe alimwajiri Paul Rudolph, ambaye alisanifu lenzi ya Anastigmat mwaka 1890, Planar mwaka 1896 na Tessar mwaka 1902. Ili kuchagua vioo vya kuunganisha, wasanifu wa lenzi hutumia namba inayoonyesha jinsi kioo kinavyotawanya rangi. Nayo huitwa namba ya Abbe.

Wakfu na haki za wafanyakazi

Abbe alikuwa mbia wa Zeiss tangu katikati ya miaka ya 1870, na akawa tajiri. Zeiss alifariki mwaka 1888. Mwaka uliofuata Abbe alianzisha Wakfu wa Carl Zeiss, akaupa jina la mwenzake wala si lake, na mwaka 1891 akaukabidhi hisa zake. Katiba ya wakfu, ya mwaka 1896, ilikataza ubaguzi wa ukoo, dini na siasa katika ajira, ikaweka pensheni na likizo yenye malipo, na kuamua kwamba mshahara wa kiongozi yeyote usizidi mara kumi ya wastani wa mapato ya wafanyakazi. Sehemu ya faida ilikwenda chuo kikuu.

Mwaka 1900 kiwanda kilipunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi 8. Abbe hakutaka uamuzi huo uonekane kuwa huruma tu. Alilinganisha kazi ya mafundi zaidi ya 200 waliolipwa kwa kipande, kabla na baada ya badiliko, akaonyesha kwamba kazi iliyotoka haikupungua bali iliongezeka kidogo.

Alistaafu mwaka 1903 kwa sababu ya afya mbaya, akafariki miaka miwili baadaye. Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni iligawanyika kati ya Jena na Oberkochen, ikaungana tena baada ya Ujerumani kuungana. Wakfu bado ndio mmiliki wa Carl Zeiss AG na Schott AG. Kasoko moja upande wa mbali wa Mwezi ina jina la Abbe, na mjini Jena kanuni yake ya mpaka wa hadubini imechongwa kwenye jiwe la kumbukumbu.