Grace Hopper: Mama Aliyeifunza Kompyuta Kuitika

Ukiingia chumba cha kompyuta ukaambiwa uandike fanksheni, jua kuna mama aliyesumbuka kabla yako. Huyo ni Grace Hopper.

Alizaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka saba alifungua saa ya kengele aone inavyofanya kazi. Kuirudisha kukamshinda, akafungua nyingine, na nyingine, hata saa saba zikawa wazi. Mamake alimwachia moja tu ya kuchezea. (Kwetu hapa Bomeni sijui ingekuwaje!) Mwaka 1934 alipata shahada ya udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale, huku akifundisha Chuo cha Vassar.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto aliomba kujiunga na jeshi la wanamaji. Shida ni kwamba umri ulikuwa umesonga na uzani wake haukufika. Hakukata tamaa, akakubaliwa Desemba 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Harvard kwenye mashine ya Mark I, yenye urefu wa zaidi ya mita 15, iliyosoma amri kutoka utepe wa karatasi uliotobolewa.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Hesabu nyingi zilirudia hatua zile zile. Grace na wenzake waliziandika daftarini, na aliyezihitaji alizinakili kwa mkono. Watu wamesoma hisabati mpaka mwisho, lakini kunakili tu kuliwaangusha! Tarakimu moja ikikosewa, kazi yote bure.

Mwaka 1952, akiwa Philadelphia kwenye kampuni ya kompyuta ya UNIVAC, Grace alikamilisha programu iliyoitwa A-0. Vipande vya amri vilivyokwisha kujaribiwa viliwekwa kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na nambari yake ya kuitwa. Wewe unataja nambari, na kompyuta yenyewe inakitafuta, inakinakili na kukipanga mahali pake. Hakuwa peke yake: kule Cambridge, Uingereza, David Wheeler na wenzake walikuwa na maktaba ya vipande kama hivyo.

Tuseme nyanya anakufundisha kupika kimanga. Kukufundisha ndiko kuunda fanksheni. Siku nyingine anataja kimanga na idadi ya walaji, basi. Huko ndiko kuiita. Idadi ndiyo thamani unayopewa, na chakula ndicho unachorudisha. Akikufundisha kisha asikutume, mtalala njaa. Fanksheni yangu ya kwanza niliiandika vizuri kabisa, nikabonyeza, kioo kimya. Kumbe sikuiita popote!

Turudi kwa Grace. Aliambiwa kompyuta ni ya kujumlisha tu, haiwezi kupanga programu, na A-0 ilikaa bila kuaminiwa. Yeye akaendelea. Lugha yake ya FLOW-MATIC, iliyotumia maneno ya kawaida badala ya alama za hisabati, ikawa msingi mkubwa wa COBOL, iliyoanza kuundwa 1959 na kutumiwa na mabenki mengi.

Alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa na cheo cha admirali na umri wa miaka 79. Alifariki tarehe 1 Januari 1992. Miaka mitano baadaye, manowari ya Marekani yenye jina lake, Hopper, ilianza kazi baharini.