Arthur Chilson

Arthur Benton Chilson (1872 – 1939) alikuwa mmisionari wa Kimarekani wa Jumuiya ya Marafiki, ambao hujulikana zaidi kama Wakweka. Alikuwa mmoja wa watu watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Miaka 32 baadaye alianzisha misheni ya Kibimba nchini Burundi. Kutokana na kazi iliyoanzia Kaimosi, Kenya leo ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Wakweka

Jumuiya ya Marafiki ilianzishwa Uingereza katika karne ya 17 na George Fox. Wafuasi wake hawabatizi kwa maji wala hawaadhimishi karamu ya Bwana kwa mkate na divai, kwa kuwa wanaamini kwamba ubatizo na ushirika ni mambo ya rohoni. Tangu mwanzo walikataa kushika silaha na kula kiapo, na baadaye walikuwa mstari wa mbele kupinga utumwa. Katika Afrika Mashariki, Wakweka wa Uingereza walitangulia kufika Pemba mwaka 1897, mwaka ambao hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba. Huko waliwapa watumwa walioachwa huru makazi na kazi ya ujira katika mashamba ya karafuu.

Maisha ya awali

Chilson alizaliwa katika jimbo la Iowa, Marekani. Alisoma katika chuo cha Biblia cha Wakweka mjini Cleveland, Ohio, kilichoongozwa na Walter Malone na mkewe Emma. Wanafunzi wengine wa chuo hicho walikuwa Willis Hotchkiss na Edgar Hole. Hotchkiss alikuwa ameshafanya kazi miongoni mwa Wakamba miaka ya 1890, na ndiye aliyetoa wazo la misheni itakayohubiri na wakati huohuo kufundisha kazi za mikono.

Kaimosi

Mwaka 1902 Chilson, Hotchkiss na Hole walisafiri kwa meli kutoka New York hadi Mombasa, kisha kwa reli mpya iliyokuwa imefika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Kutoka hapo walitafuta mahali pa kujenga, na mwezi Agosti waliichagua Kaimosi, katika nchi ya Watiriki karibu na mpaka wa Wanandi. Palikuwa na msitu wa miti mikubwa na maporomoko ya mto Goligoli.

Chilson alisimamia mashine ya kupasua mbao iliyoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto huo. Mbao zake zilijengea nyumba, shule na makanisa, na vijana walijifunza useremala na ujenzi. Mwaka 1903 alifika daktari Elisha Blackburn, akaanza kazi ya tiba ambayo baadaye ilizaa hospitali ya Kaimosi. Hotchkiss aliondoka mapema, lakini Chilson alibaki. Mkewe, Edna Hill, alifanya kazi pamoja naye, na walijaliwa binti aliyeitwa Rachel.

Misheni haikuwa mbali na vita. Mwaka 1905 na 1906 Waingereza waliwapiga Wanandi, majirani wa Kaimosi, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa. Wakweka walihubiri amani chini ya serikali ya kikoloni iliyotawala kwa bunduki, nao wenyewe walikuwa wamepata ardhi yao kutoka kwa serikali hiyohiyo.

Uamsho wa 1927

Mwaka 1927 Chilson alihubiri Kaimosi kuhusu kumpokea Roho Mtakatifu. Uamsho mkubwa ulifuata: watu waliungama dhambi hadharani, wakaomba kwa sauti kubwa na kunena kwa lugha. Wazee wa kanisa na baadhi ya wamisionari waliona huo ni utovu wa utaratibu, wakaukataza. Waliotengwa walianzisha makanisa yao wenyewe yasiyo chini ya wamisionari, likiwemo Kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu, ambayo yapo hadi leo. Chilson aliondoka Kenya katika kipindi hicho.

Burundi

Mwaka 1934 Chilson, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alikwenda Burundi pamoja na Edna na Rachel kwa niaba ya Wakweka wa Kansas. Nchi hiyo ilikuwa chini ya Ubelgiji. Walipewa Kibimba, karibu na Gitega, kituo kilichoachwa na wamisionari Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Walianza upya: kujifunza Kirundi, kujenga, kufundisha na kutibu. Chilson alifariki huko mwaka 1939. Edna aliandika kitabu kuhusu maisha yake, kilichotolewa mwaka 1943.

Urithi

Mwaka 1946 Wakweka wa Kenya waliunda Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, na uongozi ukahamia mikononi mwa Waafrika. Kaimosi sasa ina shule, hospitali na chuo kikuu.

Kibimba ilipata jaribu kubwa zaidi. Tarehe 21 Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba walikusanywa na kuchomwa moto wakiwa hai. Waliofanya hivyo walikuwa majirani, katika mahali palipohubiriwa amani kwa karibu miaka 60. Mauaji ya kulipiza kisasi yakafuata. Mwaka uliofuata Wakweka waliunda hapohapo kamati ya amani ya Wahutu na Watutsi, iliyosaidia kufungua tena hospitali na shule. Tangu mwaka 2003 Wakweka wa Burundi na Rwanda huendesha semina za siku tatu za kuponya majeraha ya moyo, ambapo waliofiwa na waliotoka upande wa wauaji huketi pamoja.