Funakoshi, mwalimu aliyerudia kata tatu kwa miaka 10

Wazazi wengi hapa Pwani siku hizi tunawapeleka watoto karate. Ni jambo jema, maana jioni ya mtoto isiyokuwa na shughuli tunajua huishia wapi. Lakini tukifika pale ukumbini, swali letu la kwanza kwa mwalimu huwa ni moja tu: mkanda wa rangi nyingine atapata lini?

Binti yangu amekuwa akifundishwa kata ile ile moja kwa miezi kadhaa. Mzazi mwenzangu akanishauri nimhamishe, nimpeleke mahali ambapo mikanda hutolewa upesi. Ushauri huo ndio ulionifanya nimkumbuke mzee Gichin Funakoshi, na leo nataka tumzungumzie.

Kata hii, ndugu msomaji, si ile ya kifuu cha nazi tunayotekea maji mtungini. Katika karate, kata ni mpangilio maalumu wa hatua, kinga na mapigo. Mtu huufanya peke yake, kama kwamba maadui wamemzunguka. Hatua haziongezwi wala hazipunguzwi. Unazipokea kwa mwalimu kama yeye alivyozipokea kwa mwalimu wake.

Funakoshi alizaliwa mwaka 1868 mjini Shuri, katika kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, akawa mtoto dhaifu na mgonjwagonjwa, akalelewa na babu na bibi. Shuleni alisoma pamoja na mtoto wa Anko Asato, bingwa wa karate, na kwa njia hiyo akapata mlango wa kuingia kwa mzee huyo.

Karate wakati huo ilifundishwa kwa siri, usiku. Kijana Funakoshi alikwenda kwa mguu gizani, taa mkononi, mpaka uani kwa Asato. Mzee alikaa kitako akimtazama, naye akirudia kata moja, wiki baada ya wiki, pengine mwezi baada ya mwezi. Sifa alizopewa zilikuwa chache mno. Akirudi kwao alfajiri, majirani walimdhania mabaya, wakanong'onezana kwamba kijana wa watu anatoka kwenye nyumba za starehe. Kata tatu tu, zile ziitwazo Tekki, zilimchukua takriban miaka 10. Baada ya muda alisoma pia kwa Anko Itosu, mzee ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliingiza karate katika shule za Okinawa.

Sisi tuliopitia chuoni jambo hili si geni kwetu. Maalim hakuvushi kwenda sura nyingine kabla ulimi haujanyooka kwenye ile uliyo nayo. Hatukuwahi kusema kwamba anatupotezea wakati.

Kazi yake Funakoshi ilikuwa ualimu wa shule. Alitaka kuwa daktari na mtihani akaupita, lakini wenye shungi la nywele la kizamani hawakukubaliwa chuoni, na familia yake ilikuwa imeshikilia mila hiyo. Baadaye alilikata ili apate kusomesha, na wazazi wake wakakasirika. Alifundisha zaidi ya miaka 30. Mshahara ulikuwa mdogo, na mkewe alifuma vitambaa na kulima mboga ili nyumba iende.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 53, alitumwa Tokyo kuonyesha karate katika maonyesho ya michezo. Nia yake ilikuwa arudi nyumbani. Lakini Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alimwalika aonyeshe kata mbele ya wanafunzi wake, na watu wengi wakamwomba abaki awafundishe. Akabaki. Mkewe akakaa Okinawa, kwani hakutaka kuyaacha makaburi ya wazee.

Maisha ya Tokyo hayakuwa ya heshima kama tunavyowafikiria mabingwa. Aliishi katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, na ili apate kulala pale alifagia vyumba, akatunza bustani na kulinda lango. Alimfundisha karate mpishi wa bweni ili apunguziwe bei ya chakula. Nguo zake aliziweka rehani. Mtu wa miaka 50 na kitu, mwalimu wa watu, ameshika fagio!

Polepole vyuo vikuu vikaanza kumwita, na katika miaka ya 1930 wanafunzi wake walichanga fedha wakamjengea ukumbi. Waliuita Shotokan, kutokana na jina la Shoto alilotumia kutungia mashairi.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1945 ukumbi ule uliteketea kwa mabomu, na mwaka huo huo mwanawe Gigo, aliyekuwa mkono wake wa kulia katika kufundisha, akafa kwa kifua kikuu. Okinawa yenyewe ikasagwa na vita. Mkewe alinusurika, wakaonana tena, lakini mwaka 1947 naye akafariki.

Hebu tumtazame mzee huyu hapo, karibu miaka 80. Ukumbi hana, mwana aliyekuwa mkono wake wa kulia hana, mke hana, mji wa kuzaliwa umekuwa kifusi. Kilichobaki ni kile alichokirudia usiku uani kwa Asato. Hicho hakikuungua. Alirudi Tokyo, wanafunzi waliosalimika wakamzunguka, akaendelea kuwafundisha karibu mpaka mwisho wa uhai wake. Alifariki Aprili 1957, na leo mtindo wa Shotokan unafanywa pembe zote za dunia.

Tuangalie jambo jingine. Kata zote tano za Heian, ambazo ndizo huanziwa na wanafunzi wengi wa Shotokan, hufungua kwa kinga. Hakuna inayofungua kwa kupiga. Mtoto anayerudia hivyo mara elfu, mwili wake unazoea kujilinda kabla ya kushambulia. Katika miji yetu hii, ambako tumeona vijana wadogo wakishika mapanga, somo hilo si dogo, na haliwezi kuingia kwa wiki mbili.

Binti yangu nimemwacha kwa mwalimu wake. Mkanda hununuliwa dukani kwa bei ndogo tu. Sitaki kumnunulia heshima ambayo miguu yake haijaifikia. Nawe mzazi mwenzangu, ukimkuta mwalimu anamrudisha mwanao mwanzo kwa mara ya ishirini, mshukuru. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.