Semei Kakungulu na Wakulima wa Mbale

Yatupasa kuyajua maisha ya Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha Uganda ya mashariki. Waingereza hawakumpa ufalme alioutumaini. Naye akajitenga nao, akazama katika Agano la Kale. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akatangaza kuwa wao ni Wayahudi. Ndivyo lilivyozaliwa karibu na Mbale kundi la Abayudaya. Alifariki mwaka 1928.

Wafuasi aliowaacha walikuwa wakulima, wasio na neno na siasa za mbali. Lakini mwaka 1972 Idi Amin aligombana na serikali ya Israeli, hata akamsifu Hitler. Katika utawala wake ibada za Abayudaya zilipigwa marufuku, na sinagogi zao zikafungwa. Wengi waliiacha dini yao. Wachache walisali kwa siri mpaka Amin alipoangushwa mwaka 1979.

Kisa hiki chatufundisha kuitambua chuki ya siku hizi. Kuilaumu serikali kwa matendo yake ni haki. Kumtwika kila Myahudi, popote alipo, lawama za serikali hiyo ni chuki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliishutumu chuki dhidi ya Wayahudi mwaka 1965. Basi, sisi wa Mnazi Mmoja, tukisikia sokoni Kariakoo Wayahudi wote wakilaaniwa kwa sababu ya vita, tuwakumbuke wakulima wale wa Mbale, wala tusiitikie.