Muhammad bin Zakariya Al-Razi, Tabibu wa Rayy

Imekuwa ada katika darsa yetu, sisi watu wa asili ya pwani tukaao Kitale na Bungoma, kusoma maisha ya wakubwa waliotutangulia, na mara nyingi huwa ni maisha ya masheikh na wanazuoni. Safari hii tumemchagua tabibu. Sababu yake ni mabishano yaliyozuka baina yetu: wako wasemao kwamba dawa za hospitali ni za makafiri, na kwamba tiba yetu Waislamu ni hii ya hari na baridi, ya tangawizi na asali na kuumikwa, tuliyoirithi kwa wazee, na wako vijana wasemao kwamba hiyo ya wazee ni ujinga mtupu. Twaona kuwa pande zote mbili zahukumu jambo zisilolijua asili yake.

Abubakar Muhammad bin Zakariya alizaliwa katika mji wa Rayy, karibu na ulipo Tehran leo, katika mwezi wa Shaaban mwaka 251 wa Hijra, yaani 865 Miladi. Tarehe hii tumeipata kwa Al-Biruni, aliyeandika orodha ya vitabu vyake. Katika ujana wake yasemwa alikuwa mpiga udi, kisha akashughulika na elimu ya madini na kuyageuza. Utabibu aliuanza akiwa mtu mzima, lakini aliushika kwa nguvu hata akawa mkubwa wa hospitali ya Rayy, na baadaye ya Baghdad.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwani neno lenyewe lililotumiwa na Waarabu kwa hospitali, bimaristani, si la Kiarabu. Ni la Kiajemi: bimar ni mgonjwa, na stan ni mahali. Waarabu walilichukua neno pamoja na kitu chenyewe. Huko Khuzistani, kusini magharibi ya Iran, ulikuwako mji wa Jundishapur, uliojengwa na Shapur wa Kwanza katika karne ya 3 Miladi na kukalishwa mateka wa Kirumi. Baadaye wakakusanyika hapo matabibu wa Kinasara wa madhehebu ya Nestori, wakisoma vitabu vya Wayunani kwa lugha ya Kisuria chini ya wafalme wa Kimajusi, na elimu ya Wahindi nayo ikawafikia. Katika zama za Anushirwani, aliyetawala tangu 531 hata 579, tabibu Burzuya alipelekwa Bara Hindi, akarudi na kitabu tukijuacho leo kwa jina la Kalila na Dimna. Wanahistoria wa sasa wanabishana juu ya ukubwa wa hospitali ya Jundishapur, lakini matabibu wake hawana ubishi. Mwaka 765 Khalifa Al-Mansur aliugua tumbo, akamwita Jurjis bin Bukhtishu kutoka mji huo. Jurjis alimtibu, akaombwa asilimu, akakataa kwa adabu, na Khalifa akamheshimu vilevile. Jamaa ya Bukhtishu walitibu makhalifa kwa vizazi kadha.

Basi Al-Razi hakuanza na uwanja mtupu. Ali bin Rabban Al-Tabari, mtu wa upande wa Bahari ya Kaspi, alikwisha kumaliza kitabu chake Firdaus al-Hikma mwaka 850, akatia mwishoni mlango mzima wa tiba ya Wahindi. Wengi wameandika kuwa huyu alikuwa mwalimu wa Al-Razi, bali hesabu ya miaka haikubali. Al-Razi mwenyewe, katika daftari zake, humtaja kila mtu kwa jina lake: Bukrati na Jalinus wa Uyunani, Sharaka wa Uhindi, na mara nyingi huandika kuwa Al-Khuz wamesema hivi au vile, yaani wale watu wa Khuzistani. Kisha, akiisha kuwataja wote, huongeza maoni yake mwenyewe. Uaminifu wa namna hii tungependa kuuona kwa waandishi wetu wa leo.

Ibn al-Nadim ametuachia sura yake: mzee mwenye kichwa kikubwa, aketiye na wanafunzi wake safu mbele ya safu. Mgonjwa akija hueleza shida yake kwa safu ya nje. Wakishindwa, hupelekwa kwa walio mbele yao. Na wote wakishindwa ndipo Al-Razi husema. Alikuwa mkarimu kwa maskini, akiwatibu na kuwapa posho. Hakuonekana ila akiandika au akinakili.

Katika daftari zake imo habari ya sirsam, ugonjwa wa kuvimba ubongo, na neno hili pia ni la Kiajemi. Al-Razi alitaka kujua kama kumtoa mgonjwa damu kunafaa. Akawatoa damu wagonjwa wa kundi moja, na kundi jingine akaliacha makusudi bila kuwatoa, apate kulinganisha. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na hospitali za leo bado hujaribu dawa kwa njia ya kulinganisha makundi. Tena aliandika kitabu cha kumtilia Jalinus shaka, juu ya kwamba alimhesabu kuwa mwalimu wake. Jalinus alikuwa ameeleza namna homa ziendavyo, na Al-Razi akaona kwa wagonjwa wake wa Baghdad na Rayy kuwa nyingi haziendi hivyo. Hakusema kuwa wazee wamesema basi imekwisha.

Kitabu chake kilichovuma zaidi ni kile cha ndui na surua. Alizipambanua kwa dalili: maumivu ya mgongo huzidi katika ndui, na kichefuchefu na dhiki ya moyo huzidi katika surua. Akahimiza macho ya mgonjwa yalindwe kwa kutiwa maji ya mawaridi. Sababu aliyoitoa, kwamba damu ya mtoto huchacha kama maji ya zabibu, haikuwa sahihi; lakini macho yake yaliona sawa. Wazee wetu wa pwani waliijua ndui kwa msiba wake. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida aliugua Marka, katika pwani ya Banadiri, mwezi wa Oktoba 1977, na aliyeiondoa ni chanjo.

Sasa turudi kwa ndugu zetu wa hari na baridi. Damu, balghamu, safura na sauda ni hesabu ya Bukrati na Jalinus, iliyopita kwa Wasuria na Waajemi hata ikaingia vitabu vya Kiarabu, na vitabu hivyo vikaletwa pwani yetu. Sakanjabini, kinywaji cha siki na asali kilichotajwa sana na Al-Razi, jina lake ni la Kiajemi. Haya si aibu. Aibu ni kuchukua kila kilichomo katika vitabu hivyo na kukiuza sokoni kwa jina la tiba ya Mtume, kwani kumzulia Mtume (S.A.W.) jambo asilolisema ni dhambi iliyo wazi. Na juu ya tabibu asiye wa dini yetu, imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimwelekeza kwa Al-Harith bin Kalada wa Taif, ambaye wanazuoni wamekhitilafiana kama alisilimu.

Wala hatutaficha kuwa Al-Razi mwenyewe alituhumiwa katika itikadi. Abu Hatim, mtu wa mji wake, aliandika kitabu kizima kumrudi, akimshutumu kwa kukanusha utume. Kama aliyasema hayo, amekosea kosa kubwa, nasi twajitenga nalo. Lakini Waislamu wa Baghdad na Andalusi walisoma tiba yake bila kuchukua itikadi yake, na hawakuona ugumu kuyatenga mawili haya.

Mwishoni mwa umri wake macho yalimpofuka kwa mtoto wa jicho. Ibn al-Nadim asema ni kwa sababu ya kula baqila mno, na hiyo twaiacha kwake. Husimuliwa kwamba alipojiwa na mpasuaji, alimwuliza jicho lina tabaka ngapi. Yule asijue, naye akakataa kupasuliwa. Alikufa Rayy katika Shaaban mwaka 313, yaani 925 Miladi. Daftari zake zilibaki kwa dada yake, hata Waziri Ibn al-Amid akazinunua kwa mali nyingi na kuwakusanya wanafunzi wake wazipange. Ndizo zilizokuwa Al-Hawi, kitabu kilichofasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na kupigwa chapa Italia mwaka 1486. Kwa Kiarabu chenyewe kilianza kuchapwa Hyderabad, Bara Hindi, mwaka 1955, kikatimia juzuu 23.