Mwalimu na Mizani ya Kuelewa

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Alishika vyeo vikubwa, lakini jina lililodumu vinywani mwa watu ni lile la kazi ya chaki: Mwalimu. Leo twayatazama maisha yake kwa upande huo, maana una somo kwa ndugu zetu wa Shinyanga na Geita.

Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, naye ni mtoto wa Kizanaki. Akasoma Tabora, kisha Makerere alikojifunza ualimu, akafundisha St. Mary's, Tabora, akaenda Edinburgh, na aliporudi akafundisha Pugu. Mwaka 1955 aliacha kazi hiyo ili aitumikie TANU. Aliacha darasa, hakuacha ualimu. Mbele ya umati alilichukua jambo zito, akaligawa vipande vidogo, akauliza swali, akalijibu kwa mfano unaojulikana hata na asiyepata kusoma.

Machi 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alionya kwamba mitihani yetu ilipima kumbukumbu kuliko fikra. Mwanafunzi anayekariri amebeba maneno ya mwalimu. Anayeelewa amepata ya kwake.

Mwaka uliofuata, mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, pamoja na Geita iliyokuwa wilaya ya Mwanza, iliingia katika mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO. Mkulima alifundishwa herufi kwa habari za pamba yake, mfugaji kwa ng'ombe wake, mvuvi kwa nyavu zake. Usukumani jambo hilo halikuwa dogo: vyama vya ushirika vya miaka ya 1950 vilizaliwa kwa sababu wakulima walipunjwa kwenye mizani. Asiyeweza kuisoma mizani hana ushahidi wa kumpinga anayempunja.

Mwaka 1975 ukafanywa mtihani wa kisomo wa taifa zima. Kufika darasani hakukutosha: ilimpasa mtu aoneshe anavyosoma, anavyoandika na anavyohesabu, ndipo awekwe katika moja ya ngazi nne. Wasiojua kusoma, waliokuwa asilimia 67 mwaka 1967, walishuka hadi 39.

Yatupasa kujiuliza kama madarasa yetu ya leo yanapima hivyo. Mwalimu akiuliza kama somo limeeleweka, watoto huitikia kwa sauti moja kwamba limeeleweka. Itikio hilo ni adabu, si ushahidi. Na amwite aliyekaa nyuma kabisa, aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Na atoe hesabu mpya, isiyokuwa ubaoni. Wengi wakikosa, asiwakaripie. Mfano wake haukuwafikia, basi atafute mwingine ulio karibu na maisha yao. Mtoto aliyezoea Kisukuma nyumbani apewe nafasi ya kuuliza bila kuchekwa.

Nasi wazazi na wafanyakazi tuna sehemu yetu. Jioni tusimwulize mtoto amepata alama ngapi tu; tumwambie atufundishe alilojifunza. Kijana anayemaliza shule kwa kuitikia tu atafika machimboni Geita, na mnunuzi atapima dhahabu yake, atataja gramu na bei, naye ataitikia vilevile. Babu yake alipunjwa pamba kwa sababu hakufundishwa. Huyu atapunjwa dhahabu ilhali alikaa darasani miaka saba.